Kaka Hilmar na Kulungu wa Baba

Kaka yangu Hilmar Grote tulimzika Jumanne iliyopita. Alikuwa juu ya kinu cha upepo, kile cha kisima cha mashariki, akibadilisha ubawa uliovunjika, akaanguka futi thelathini na kuvunjika shingo. Daktari alisema hakuhisi chochote. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana mengine yote yaliyompata katika miaka hamsini na sita aliyahisi.

Kwenye mazishi mchungaji wetu mpya alisema marehemu alikuwa mtu mpole asiyeweza kumdhuru hata nzi. Wazee wa benchi la mbele waliinamisha vichwa, na hawakuwa wakilia. Hilmar aliwachukia nzi kuliko alivyomchukia Shetani, na kama si nzi nisingekuwa na haya ya kuandika.

Vijana wa leo hawamjui nzi yule. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko nzi wa jikoni, mwili wa buluu inayong'aa, macho mekundu. Hakutaka mzoga. Alitaka kidonda kibichi kwenye kiumbe kilicho hai: kitovu cha ndama, mkwaruzo wa seng'enge, hata alama ya kupe. Alitaga ukingoni, na kesho yake funza walikuwa wakila nyama hai kwenda ndani, vichwa chini, mamia kwa mamia. Harufu yao uliisikia ukiwa juu ya farasi kabla hujamwona mnyama. Siku zote za joto tulizunguka malishoni na chupa ya dawa kwenye tandiko. Lakini mnyama wa porini hakuwa na wa kumpaka dawa. Kulungu aliyejeruhiwa kabla ya baridi kali ya sakitu ya kwanza kuwaua nzi, aliliwa akiwa amesimama.

Kwa hiyo baba yetu, Konrad Grote, mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na tisa, aliweka sheria nyumbani kwake: damu uliyoianza, uimalize. Aliyempiga mnyama kisha akampoteza hakuketi mezani kwa Baba, na hakuikaribia meza ya Bwana, mpaka awe amemmaliza. Haikuwa sheria ya kanisa. Mchungaji wa siku zile aliijua na hakuipenda.

Mwaka 1931 Hilmar, akiwa na miaka kumi na sita, alimpiga kulungu jike tumboni, akamfuata mpaka giza likaingia, akarudi nyumbani. Baba alimuuliza maswali mawili, kisha akachukua hatamu ya ngozi akamchapa uani mpaka shati likagandamana na mgongo. Mama alikuwa dirishani akiomba. Baada ya hapo Baba akampa kisu na mkate, akamfungulia lango. Bunduki hakumpa, alisema bunduki ni ya mtu anayemaliza. Siku ya nne Hilmar alimkuta yule jike kijitoni, amelala majini mpaka shingoni, maana mnyama mwenye funza hutafuta maji apate nafuu. Alikuwa hai. Hilmar aliingia akamkumbatia shingo, akamchinja, na alipomvuta nje tumbo lilimmwagikia mikononi likitambaa. Alirudi, akanawa, akaketi mezani. Hakumwita Baba kwa jina hilo mpaka Pasaka.

Bega lake la kulia liliharibika mwaka 1948. Fahali wetu mwekundu alimbana kwenye nguzo ya zizi, akamkandamiza mara tatu, kama mtu anayefunga mlango mgumu. Nilisikia mfupa ukivunjika nikiwa upande wa pili wa uzio. Nilichukua uma wa majani makavu nikamchoma fahali jichoni, na sikuacha mpaka alipomwachia. Mfupa uliungana vibaya. Msimu ule Hilmar alijaribu bunduki ya zamani ya Baba, yenye risasi nene kama kidole cha mwisho cha mkono wangu, na teke lake likamtoa bega mahali pake. Nilimkuta amepiga magoti nyasini, anatapika.

Misimu miwili hakuwinda. Mwaka 1951 alirudi kutoka mjini na bunduki nyepesi, tundu la mtutu wake halikuweza kupitisha hata penseli. Namba yake ilikuwa mbili iliyorudiwa mara tatu, basi huku kwetu watu waliiita Mbili-Mbili-Mbili. Ilimgusa tu begani, haikumpiga teke.

Siku za Jumamosi wanaume walicheza karata nyuma ya duka la chakula cha mifugo, na bunduki ile ikawa kitoweo cha utani wao. Jirani yetu Reinhold Behrens, ambaye ardhi yake inapakana na yetu upande wa magharibi, ndiye aliyekuwa na ulimi mrefu kuliko wote.

"Hilmar, kulungu akiumwa na mbu wako huwa unampa dawa au unamwombea tu?"

"Mbu amezika watu wengi kuliko dubu, Reinhold."

"Kweli, lakini mgonjwa wa mbu unamsubiri wiki mbili."

Walicheka, na Hilmar naye akacheka. Njiani kurudi aliniambia Behrens hajakosea sana. Bunduki kubwa humsitiri mwenye mkono mbaya, alisema, lakini ndogo haimsitiri mtu. Ukitaka kuwinda kulungu kwa ndogo, lazima ujue unapiga wapi na unapiga kwa nini.

Alijijazia risasi mwenyewe kwenye meza ya chumba cha akiba: ganda la shaba, baruti aliyoipima kwenye mizani ndogo, na juu yake kichwa. Jambo lote lilikuwa kwenye kichwa. Ni madini laini yaliyovikwa ngozi ya shaba, na ngozi hiyo ndiyo inayoamua. Vichwa vyenye ngozi nyembamba, vikigusa kitu kwa mwendo ule, hupasuka kuwa vumbi. Vilitengenezwa kwa ajili ya mbweha na sungura. Vyenye ngozi nene, ambavyo ncha yake tu ndiyo iliyo wazi, hutanuka kama uyoga lakini vinaendelea kwenda ndani. Hilmar alifunga magazeti yaliyolowa maji akayapiga risasi. Mbuzi alipokufa kwa ugonjwa alimpiga risasi, kisha akampasua na kufuata njia ya risasi kwa kidole, mimi nikimshikia beseni. Kila kulungu aliyemuua alichelewa kumchuna, anachungulia, anapima, anaandika pembezoni mwa kalenda ya kanisa. Hakupiga bega kamwe. Alipiga nyuma ya bega, kwenye mbavu, au shingoni. Mnyama akisimama vibaya, alimwacha aende zake. Katika misimu mitatu aliua kulungu kumi na mmoja, na hakuna aliyekimbia zaidi ya hatua sitini.

Risasi za ngozi nene aliziweka kwenye kopo la tumbaku. Za ngozi nyembamba zilikaa kwenye kopo la kahawa, rafu ya chini.

Mwezi Septemba mwaka 1954 daktari alimpima Baba moyo, kisha akaniita jikoni akaninong'oneza kwamba mzee hataiona Pasaka. Baba alisikia. Alikuwa mgonjwa wa moyo, si wa masikio. Wakati ule Chakula cha Bwana kilitolewa kanisani kwetu mara nne tu kwa mwaka, na cha karibu kilikuwa Jumapili ya Wafu, ile ya mwisho kabla ya Majilio, tarehe ishirini na moja Novemba. Kinachofuata kingekuwa Ijumaa Kuu. Kwa hiyo sote tulijua kwamba hicho kingekuwa cha mwisho kwake. Baba alisema anataka mambo mawili: kulungu mmoja wa soseji, na kupiga magoti madhabahuni Jumapili ile. Kulungu alimtaka kwa hamu tu. Bila hicho Chakula aliogopa kufa, na sikuwahi kumwona Baba akiogopa kitu.

Msimu wa kuwinda ulifunguliwa Jumanne ya wiki ile ile, siku tano kabla. Bunduki yake ya zamani ingemuua kwa teke lake, basi Hilmar akampa Mbili-Mbili-Mbili na risasi nne za kopo la tumbaku, akamweleza: nyuma ya bega, Baba, kwenye mbavu, kama amekugeuzia bega usipige. Baba alisema alianza kuua kulungu kabla Hilmar hajaota meno.

Sasa, mwezi Oktoba Baba alikuwa amemwona Hilmar akimpiga sungura kwenye shamba la shayiri kwa risasi ya ngozi nyembamba. Yakabaki masikio na ukungu. Jambo lile lilimkaa kichwani. Alfajiri ya Jumanne, kabla hatujaamka, alizirudisha zile nne kwenye kopo lake, akachukua nne za kopo la kahawa.

Tulisikia mlio saa moja na nusu asubuhi. Tulipofika, Baba alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, kofia mkononi. Alisema dume kubwa lenye pembe za matawi kumi lilianguka pale pale, naye akavua kofia ili ashukuru, na alipofumbua macho dume lilikuwa limeinuka, mguu wa mbele unaning'inia, likaingia kwenye mierezi.

Hilmar alitazama nywele na damu kwenye nyasi. Aliuliza polepole.

"Baba, umetumia risasi ipi?"

"Ile yenye nguvu."

"Ipi hiyo?"

"Ya kopo la kahawa. Hizo zako nyingine zilimtoboa mbuzi tundu la kupitisha kidole, nimeliona mwenyewe. Hii ilimfanya sungura kuwa moshi. Mtu mwenye akili angechukua ipi?"

Hilmar aliinama akaokota kipande cha mfupa wa bega, chembamba kama ukucha, kimenatiwa na vipande vya shaba kama unga. Risasi ilifika kwenye mfupa ikapasukia hapo hapo. Ilichimba kidonda kipana kama sahani, lakini kina chake hakikuzidi kidole. Nyuma ya mfupa ule moyo na mapafu vilikuwa vizima. Alimpa Baba kile kipande. Baba alikigeuza kiganjani mara mbili, akaelewa, akaketi chini nyasini katika suruali yake nzuri.

Asubuhi ile ilikuwa na joto la kiangazi. Nzi walikuwa tayari wanavuma juu ya damu.

Hilmar alifuata damu mpaka adhuhuri, akaikuta inaishia kwenye uzio wa Behrens. Kulikuwa na nywele kwenye seng'enge na alama ya kuburuzika ardhini upande wa pili. Hapo alisimama. Miaka miwili kabla alikuwa amempiga risasi mbwa wa Behrens aliyekuwa akirarua mbuzi wetu. Alimpiga akiwa na mwanambuzi mdomoni. Tangu siku ile Behrens alisema mtu wa kwa Grote akivuka uzio wake atatoka amebebwa. Jumatano Hilmar alizunguka upande wetu wote, huenda dume lingerudi. Halikurudi. Alhamisi alikwenda mlangoni kwa Behrens, kofia mkononi, akamweleza habari yote, pamoja na habari ya Chakula cha Bwana. Behrens alimsikiliza akiwa ameegemea mlango.

"Vichaka vyangu vimejaa wawindaji wageni wa kutoka Houston," alisema. "Ukivuka watakudhania kulungu, na mimi sitawasahihisha. Mwambie mzee Konrad anywe divai ya nyumbani."

Nyumbani, Baba alikuwa amejitoa mezani. Tangu Jumanne alikula mkate barazani, amesimama, ameshika nguzo. Nilimwekea soseji akazirudisha. Nilimsihi, nikalia, nikamwambia ni mgonjwa na Mungu anaona. Alisema Mungu anaona, ndiyo maana.

Desturi yetu ilikuwa kwamba anayetaka kushiriki Chakula cha Bwana hupeleka jina lake kwa mchungaji kabla ya Jumapili. Mchungaji Ottmers alipoona Jumamosi imefika na jina la Konrad Grote halipo, alikuja mwenyewe kwa gari. Waliketi barazani nami nikawaletea kahawa.

"Konrad, sheria hii si ya Mungu."

"Si ya Mungu. Ni yangu."

"Basi ivunje."

"Za Mungu nazivunja kila siku naye hunisamehe, Mchungaji. Hii nilimchapia mwanangu mpaka damu. Nikijivunjia mwenyewe, nani atanisamehe?"

Hilmar alikuwa mlangoni, alisikia. Mchungaji alimtazama kana kwamba anamwomba aseme neno. Hilmar alitoka akaenda kunoa kisu. Nilimfuata nikamwambia kwamba neno moja kutoka kwake lingetosha, amwambie tu mzee kwamba amemsamehe. Aliniambia alikwisha kumsamehe tangu zamani na Baba anajua, wala hilo silo Baba analolitaka.

Jumapili alfajiri Hilmar alinigongea. Alikuwa amevaa nguo za kazi. Alisema sakitu haijaanguka, leo ni siku ya tano, na kama dume li hai liko kwenye maji. Maji ya karibu upande ule ni lambo la Behrens. Mvalishe Baba, aliniambia, umpeleke kanisani hata kama hataki kuingia. Aliweka risasi tano za kopo la tumbaku mfukoni, akaenda kwa miguu.

Yaliyotokea lamboni nusu alinieleza yeye, na nusu nilielezwa na Behrens mwenyewe, miaka mingi baadaye.

Hilmar aliisikia harufu kabla ya kuliona lambo. Dume lilikuwa limesimama majini mpaka kifuani, kichwa kimeinama, midomo inagusa maji lakini hainywi. Mbavu zilihesabika. Bega la kushoto halikuwa bega tena, lilikuwa shimo jeusi lenye ukingo mweupe, na ukingo ule ulikuwa ukitambaa. Kila mara dume lilijizamisha, funza wakasombwa na maji, kisha likainuka na wengine wakatokeza kutoka ndani. Lilimwona Hilmar wala halikujaribu kukimbia.

Alikuwa anapiga goti ili alenge wakati Behrens alipotokea nyuma yake akamtandika kwa kitako cha bunduki, pale pale kwenye bega bovu. Alijua mahali pa kupiga. Wilaya nzima ilijua. Bega lilitoka. Hilmar alianguka kifudifudi matopeni na bunduki chini yake, na Behrens akampiga teke mbavuni, akamwambia ainuke atoke. Hilmar aliinuka. Alikuwa ameishika bunduki kwa mkono wa kushoto, katikati, kama mtu anavyoshika mpini wa shoka, akaizungusha na kitako chake kikampata Behrens mdomoni. Behrens alisema alisikia meno yakivunjika kabla hajasikia maumivu, kama mtu anayetafuna sukari guru. Aliketi chini. Hilmar alimpiga tena akiwa ameketi, na alinyanyua mara ya tatu. Aliponisimulia hapa alisema mara ya tatu ndiyo ingekuwa ya kuua, na kwamba alitaka.

Dume ndilo lililomzuia. Lilitoa sauti. Si sauti kubwa, ni ile ya ndama aliyekwama matopeni. Wote wawili waligeuka.

Hilmar alipanguza matope kwenye mtutu, akauegemeza kwenye nguzo ya uzio, akaweka kitako kwenye bega la kushoto, ambalo hakuwahi kulitumia. Mkono wa kulia ulining'inia. Zilikuwa hatua arobaini. Kutoka pale hakuona mbavu, maji yalizifunika, na bega hakutaka kulitazama. Alilenga shingo, chini kidogo ya sikio. Alivuta pumzi, akangoja kichwa kitulie, akafyatua. Dume halikuruka wala kujinyoosha. Liliondoka tu juu ya maji, pembe zikazama mwisho.

"Umenivunja meno kwa ajili ya nyama iliyooza," Behrens alisema. Ilimbidi aseme mara mbili ndipo Hilmar akamwelewa.

Wote wawili walikuwa wafugaji. Walijua kwamba mzoga ukibaki, funza watadondoka, wataingia udongoni, na baada ya siku kumi watatoka nzi wa kula vitovu vya ndama wa pande zote mbili za uzio. Basi Behrens, damu ikimchuruzika kidevuni, alikwenda kwenye pikapu yake akaleta kamba na mafuta ya taa. Walimvuta yule dume nje, Hilmar kwa mkono mmoja tu. Walikusanya mierezi mikavu, wakamfunika, wakawasha. Behrens alitema damu motoni. Hilmar alisimama mpaka bega lile likaungua kabisa. Moto uliposhuka, Behrens alisema: "Sasa toka, Grote. Nikikuona tena nitakupiga risasi." Wakati ule alimaanisha hivyo.

Mimi nilikuwa nimemfikisha Baba kanisani. Alivaa suti nyeusi na shati lenye kola ngumu, akakaa ndani ya gari chini ya mwaloni, na hakushuka. Madirisha ya kanisa yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Tulisikia majina ya waliofariki mwaka ule yakisomwa, kengele ikigongwa kwa kila jina. Tulisikia mahubiri. Baba aliimba tenzi pamoja nao, akiwa ndani ya gari, kwa sauti ndogo. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya buluu, nami nilimwomba Mungu kwa namna ambayo sikujua kwamba naweza kumwomba, karibu kwa ugomvi.

Hilmar alikuja akitembea kutoka barabarani. Alinuka moshi, mafuta ya taa na kile kitu kingine. Mkono wa kulia aliuingiza ndani ya shati kati ya vifungo ili usicheze. Alisimama kwenye dirisha la gari.

"Umempata?" Baba aliuliza.

"Nimempata."

"Amekufa kabla?"

Nilimtazama kaka yangu. Nilitamani aseme ndiyo. Ilikuwa neno moja tu, na mtu wa kumkanusha hakuwapo.

"Alikuwa hai, Baba. Amesimama majini."

"Na funza?"

"Nao."

"Siku tano."

"Siku tano."

Baba alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka ndani wakamaliza ubeti na kuanza mwingine.

"Amekwisha?"

"Amekwisha. Risasi moja. Ile ya ngozi nene."

Baba alisema, "Ungeweza kunidanganya."

"Usingeingia kwa uongo."

Baba alifungua mlango wa gari. Tulimshika, mimi upande huu na Hilmar kwa mkono wake mzima upande ule. Ndani, wanaume walikuwa wamekwisha kuanza kusogea madhabahuni. Jina lake halikuwa kwenye orodha, lakini Mchungaji Ottmers alipomwona anakuja katikati ya kanisa, alisimama na sahani mkononi akamngoja. Watu waliokuwa wamepiga magoti walisogeana kumpa nafasi. Baba alipiga magoti. Ilimchukua muda. Mchungaji alimpa mkate mdomoni, kama mtoto.

Nilipogeuka kumtafuta Hilmar, alikuwa ameketi benchi la nyuma kabisa. Mchungaji alimtazama, akamngoja. Hilmar alitikisa kichwa. Akangojewa tena. Akatikisa tena.

Njiani, Baba akiwa amelala usingizi kati yetu, nilimuuliza Hilmar kwa nini hakuja madhabahuni. Aliniambia kuna mtu anaokota meno yake kwenye matope kwa sababu yake, na kwamba alitaka kumuua, na bado sehemu ya moyo wake inataka. Mtu wa namna hiyo anapeleka nini madhabahuni? Nikasema alifanya kwa ajili ya Baba. Akasema, "Najua nilifanya kwa ajili ya nani."

Baba alifariki tarehe tisa Januari, asubuhi, akiwa kwenye kiti chake mezani. Alikuwa amekula.

Hilmar alianza kwenda kwa Behrens wiki iliyofuata mazishi. Alikwenda kwa barabara, hakuvuka uzio, bila bunduki. Alibisha, akangoja, akarudi. Mara ya kwanza Behrens alifyatua risasi hewani kutoka dirishani. Mara ya pili alimfungulia mbwa wake mpya, na Hilmar alirudi na mguu uliochanika, nikaupaka ile dawa ya ng'ombe. Mara nyingine hakuna aliyejibu kabisa. Ijumaa Kuu ilifika, watu wakaenda madhabahuni, na kaka yangu akakaa benchi la nyuma. Nilimwambia sasa yeye ndiye mwenye sheria isiyo ya Mungu. Alisema hii ni ya Mungu, imeandikwa kwamba upatane kwanza na ndugu yako ndipo uje madhabahuni, na mchungaji akitaka atamwonyesha ukurasa.

Alikwenda mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja, wiki mbili kabla ya Pentekoste, mlango ulifunguliwa. Behrens alikuwa na kitambaa shingoni na kijiko mkononi. Meno mapya yalikuwa makubwa kidogo kwa mdomo wake.

"Kama umekuja kuomba msamaha sema upesi," alisema, "supu inapoa."

Hilmar alisema. Aliniambia alisema yote, hata ile mara ya tatu ambayo hakupiga. Behrens alisikiliza, akalamba kijiko, akamwambia kwamba yeye naye alijua lile bega ni bovu alipolipiga. Kisha akafunga mlango. Hakumkaribisha ndani, wala hakumpa mkono.

Jumapili ya Pentekoste Hilmar alipeleka jina lake kwa mchungaji. Alipiga magoti mwisho wa mstari, upande wa ukuta, na mkono wake wa kulia haukuweza kuinuka kupokea, kwa hiyo akapokea kwa wa kushoto.